Ukiambiwa "Israeli Haiguswi," Mkumbushe Shamba la Nabothi



Haya maneno umeyasikia. Umeyasikia kwenye spika za krusedi, umeyasikia kwa redio ndani ya matatu, na bendera ya Israeli umeiona imebandikwa kwa kioo cha nyuma. Ati anayeiunga mkono Israeli anapata baraka, na anayeikosoa anajiitia laana. Mjadala unaishia hapo. Ukitaja watoto wa Gaza unaambiwa huo ni unabii unatimia, wewe nyamaza, unapigana na Mungu.

Nina mambo mawili tu ya kukuambia. La kwanza, usinyamaze. La pili, usijibu kijinga.

Kujibu kijinga ni kutukana Biblia ya jirani yako. Ni kumtukana Myahudi kwa sababu tu ni Myahudi. Ni kuandika kwa grupu ati "hawa Wakristo wote ni wale wale." Si wale wale. Jambo hili la Israeli na wokovu ni ugomvi wao wa ndani, mkubwa na wa miaka mingi, na wewe unajitosa humo bila kujua nani anasema nini. Surat Al-Ankabut aya ya 46 inatuagiza tujadiliane na watu wa Kitabu kwa njia iliyo bora. Njia bora inaanza na kujua. Basi tujue.

WAKRISTO WENYEWE WANASEMAJE?

Wako wanaosema Kanisa lilichukua nafasi ya Israeli, na ahadi zote za kale sasa ni za Wakristo. Fikra hii ni ya zamani sana, na ilibeba sumu. Huko Ulaya, kwa karne nyingi, ilitumika kuwaita Wayahudi watu waliolaaniwa. Wakafukuzwa mji baada ya mji, wakachinjwa. Baada ya Wanazi kuua Wayahudi milioni 6, makanisa mengi yalilazimika kujitazama upya. Mwaka 1965 Kanisa Katoliki, katika tamko la Nostra Aetate, lilisema Wayahudi wasielezwe kama watu waliokataliwa au kulaaniwa na Mungu. Kwa hivyo ukimsikia mmoja wetu anaokota sumu ile ile ambayo wenyewe wameitupa, mkanye. Haitusaidii, na ni dhulma.

Kisha wako wale wa krusedi. Wanafundisha kwamba Mungu ana mipango miwili, mmoja wa Kanisa na mmoja wa taifa la Israeli. Wayahudi lazima warudi kwenye ile ardhi, Kanisa litanyakuliwa, vita vikubwa vitapiganwa, halafu Yesu atarudi. Tarehe 14 Mei 1948, siku dola la Israeli lilipotangazwa, kwao ni saa ya Mungu iliyogonga.

Unadhani mafundisho haya ni ya tangu enzi za mitume? Mpangilio huu ulikuzwa na John Nelson Darby, mhubiri wa Kiingereza wa karne ya 19. Ukasambaa zaidi kupitia Biblia yenye maelezo ya pembeni ya Mmarekani Cyrus Scofield, iliyotoka mwaka 1909. Hebu linganisha na nyumbani. Kanisa la Friends, wale Quaker ambao nusu ya majirani zetu wa Lugulu na Kimilili wamelelewa nao, lilifika Kaimosi mwaka 1902. Yaani hata hapa Magharibi Ukristo ulifika kabla ya maelezo ya Scofield kuchapwa. Na hao Friends, unajua walikuwa wapi mwaka 1949? Shirika lao la Marekani, American Friends Service Committee, lilikuwa Gaza likigawa chakula kwa wakimbizi wa Kipalestina, kwa ombi la Umoja wa Mataifa. Mwambie jirani yako Mfriend hiyo habari. Huenda hajawahi kuambiwa kanisani.

Tena kuna jambo ambalo wa krusedi hawalisemi kwa sauti. Katika mpango wao, mwisho wa Myahudi ni nini? Wengi wao wanaangamia katika vita vile, na waliobaki wanaongoka na kuwa Wakristo. Huyo ni rafiki gani, anayekupenda kwa sababu kifo chako kinasogeza mbele ratiba yake?

La tatu, wako Wakristo wanaosoma Warumi sura ya 9 mpaka ya 11 na kusema hivi: Mungu hajawaacha Wayahudi, na ahadi yake kwao ni ya kweli, lakini hiyo si ruhusa kwa serikali yoyote kufanya itakavyo. Wanaongeza Wagalatia sura ya 3, ambapo Paulo anawahesabu wote walio wa Kristo kuwa uzao wa Ibrahim. Kwao ahadi inapita kwenye imani. Haipimwi kwa mipaka ya ramani.

Na wanaosema hivyo kwa uchungu zaidi ni Wakristo wa Palestina wenyewe. Ndiyo, wapo, na makanisa yao ni ya kale kuliko karibu kanisa lolote Afrika Mashariki. Agosti 2006 viongozi wanne wa makanisa ya Yerusalemu, akiwemo Patriaki Michel Sabbah wa Wakatoliki na Askofu Munib Younan wa Walutheri, walitoa tamko la kuyakataa mafundisho ya Uzayuni wa Kikristo, wakisema yanapotosha ujumbe wa Biblia. Desemba 2009 Wakristo wa Palestina wakatoa waraka wa Kairos, wakaita ukaliaji wa ardhi yao kuwa dhambi. Oktoba 19, 2023 bomu likapiga boma la kanisa la Mtakatifu Porphyrius mjini Gaza, mojawapo ya makanisa ya kale zaidi duniani, na familia za Kikristo zilizokuwa zimejificha humo zikauawa. Sasa anayekwambia bomu lile ni unabii, muulize: na wale waliokuwa ndani wakisali kwa jina la Yesu, walikuwa upande gani wa unabii wako?

KIDOGO TU UNABII UTIMIE ELDORET

Sasa njoo karibu na nyumbani.

Mwaka 1903 Wayahudi walikuwa wakiuawa huko Urusi. Aprili ya mwaka huo kulikuwa na mauaji ya Kishinev. Walikuwa wanatafuta pa kukimbilia, na hilo hakuna mwenye moyo atakayewalaumu. Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, akampa Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, wazo la ardhi. Ardhi gani? Nyanda za Uasin Gishu. Hapa jirani, ukitoka Kitale kwa matatu hujamaliza saa mbili ushafika. Mpango huo unaitwa "mpango wa Uganda" kwa mazoea tu. Ardhi yenyewe ni hii yetu ya Kenya.

Herzl akaupeleka kwenye mkutano wa Basel, Uswisi, Agosti 1903. Wajumbe 295 wakakubali tume iende kuitazama, 178 wakakataa. Tume ya watu watatu ikaja mapema 1905, ikakagua, na mwaka huo huo mkutano uliofuata ukalikataa wazo. Walowezi wa Kizungu waliokuwa hapa, Lord Delamere akiwa mbele, nao walikuwa wamelipinga.

Angalia nani hakuulizwa. Wanandi waliokuwa wakichunga kule hawakuulizwa. Wamaasai hawakuulizwa. Kwenye meza ya London na ya Basel, ardhi hii ilikuwa tupu. Makaburu ndio walioipata baadaye, kuanzia 1908.

Hebu fikiria kura ingekwenda kinyume. Leo pasta angekuwa anatufundisha aya gani? Mnandi angeitwa Mkanaani? Na sisi wa Saboti tungeambiwa tusogee kidogo, tunazuia unabii?

Ongeza na hili. Oktoba 19, 1905 Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, alipigwa risasi kwenye mkutano alioitiwa kwa ajili ya mazungumzo ya amani. Aliyempiga ni afisa Mwingereza, Richard Meinertzhagen. Mwaka 1919 mtu huyo huyo alikuwa Palestina kama afisa mkuu wa siasa wa Waingereza, na alikuwa mtetezi mkali wa mradi wa Kizayuni. Sisemi kila anayeiombea Israeli ni Meinertzhagen. Ninasema dola za kikoloni ziligawa ardhi ya watu kwa kalamu, huku na kule, na wengine wakaja baadaye kuandika "Mungu" juu ya ile saini.

SHAMBA LA NABOTHI

Sisi wa Trans Nzoia hatuhitaji kufundishwa maana ya ardhi. Tunajua mapigano ya 1991 na 1992 yaliacha nini. Tunajua Chebyuk kule Mlima Elgon, vile ugawaji wa mashamba ulivyozaa damu kuanzia 2006 mpaka 2008. Kila aliyefukuza mwenzake alikuwa na hadithi: hapa ni pa mababu zetu, nyinyi ni wageni, ondokeni.

Sasa fungua Biblia ya jirani, kwa heshima, 1 Wafalme sura ya 21. Mfalme Ahabu wa Israeli analitamani shamba la mizabibu la Nabothi. Nabothi anakataa kuuza urithi wa baba zake. Malkia Yezebeli anapanga mashahidi wa uongo, Nabothi anapigwa mawe mpaka anakufa, na mfalme anakwenda kulichukua shamba. Je, Mungu anamtuma nabii Eliya akambariki mfalme kwa sababu ni mfalme wa Israeli? Anamtuma akamkabili pale pale shambani, na kumwambia kuwa ameua na kunyang'anya.

Kama nabii wa Israeli alimkosoa mfalme wa Israeli kwa sababu ya shamba moja, nani amempa pasta wa leo ruhusa ya kunyamaza?

Jiandae pia, maana atakujibu kwa Qur'an. Atakutajia Al-Maidah aya ya 21, ambapo Nabii Musa (a.s.) anawaambia watu wake waingie ardhi takatifu. Usibabaike. Endelea mpaka aya ya 26: walipoasi, ilizuiwa kwao miaka 40. Na Biblia yake katika Walawi sura ya 18 inaonya kuwa nchi itawatapika wakiinajisi. Vitabu vyote viwili vinafunga ardhi na uadilifu.

HALAFU SISI

Al-Maidah hiyo hiyo, aya ya 8, inatukataza tusiache uadilifu kwa sababu ya kuchukia watu. Hiyo inatufunga sisi kabla ya wengine. Raia wa Israeli waliouawa na kutekwa Oktoba 7, 2023 walikuwa watu, na kuwaua ilikuwa dhulma. Watu zaidi ya 60,000 ambao Wizara ya Afya ya Gaza ilikuwa imehesabu kufikia mwisho wa Julai 2025 walikuwa watu pia. Asiyeweza kusema sentensi hizo mbili kwa pumzi moja, awe msikitini au kanisani, hatetei haki. Anashabikia timu.

Basi ukikutana na haya maneno stendi, chuoni au kwa grupu, usipige kelele. Uliza maswali matatu. Wakristo wa Bethlehemu wanasemaje juu ya mafundisho haya? Mwaka 1903 unabii ulikuwa wapi, Palestina au Uasin Gishu? Na Eliya alisimama na nani, na Ahabu au na Nabothi? Kisha nyamaza, umsikilize akijibu. Wengine watakasirika. Wengine, wallahi, watakwambia hawakuwahi kufikiria hivyo.

Na siku shamba la huyo jirani Mkristo litakapovamiwa na mwenye pesa na hati ya uongo, tusisubiri kuitwa. Tuwe pale mapema, tusimame naye.

Soma, jadili na wenzako, kisha sambaza.