Balbu ya LED ndani ya taa isiyo yake

Magari mengi yaliyotumika yanayotoka Japani kuja Tanzania na Kenya yana taa za halojeni, na madukani ni rahisi kupata balbu za LED za kuchomeka mahali pa zile za zamani. Hapo ndipo kosa linapoanza. Kioo cha kuakisi kilichomo ndani ya taa kilitengenezwa kwa ajili ya waya mwembamba wa halojeni uliokaa mahali maalumu. Chanzo cha mwanga kikibadilika umbo au kikisogea hata milimita chache, mwanga husambaa na kupanda juu, machoni mwa anayekuja. Hata dereva mwenye balbu hizo akishusha taa, bado anampofusha mwenzake. Mwanga mweupe wenye bluu nyingi huwasumbua zaidi wazee, hasa wenye mtoto wa jicho.

Wapo wanaosema barabara zetu zina giza, kuna watembea kwa miguu, ng'ombe na baiskeli zisizo na taa, hivyo mwanga mkali unahitajika. Hoja hiyo ni nzito, na ndiyo inayonifanya nipinge balbu hizi: anayetembea kando ya lami haonekani kabisa na dereva aliyepofushwa. Sizipingi LED zilizotoka kiwandani na taa zake nzima. Mwenye halojeni hafifu asafishe kioo cha nje cha taa kilichofifia, abadilishe balbu iliyochoka, kisha fundi apime mwanga ukutani. Wakaguzi wa magari nao wapime mwelekeo wa mwanga, wasiishie kuangalia kama taa inawaka.