Nambari ya rangi sakafuni si hati ya kumiliki

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Siku hizi jijini Nairobi fahali hao wana magurudumu manne, na zizi lenyewe ni ule mstatili wa rangi nyeupe uliochorwa chini ya jengo la ghorofa. Kuanzia Kilimani hadi South B, utapata majirani waliokuwa wakiombana chumvi ambao sasa hawasalimiani, kisa na maana mmoja alirudi jioni akakuta gari la mgeni wa mwenzake "mahali pake".

Lakini je, ni mahali pake kweli? Familia nyingi hujiuliza swali hili baada ya kulipa mamilioni ya shilingi, ilhali lilifaa kuulizwa kabla.

Ajenti anayekutembeza hukuonyesha jiko na roshani, kisha hukuteremsha chini na kunyosha kidole: "Na hapa ndipo pa gari lako." Ndugu msomaji, kidole cha ajenti si hati. Hata nambari iliyopakwa rangi sakafuni si hati.

Sheria ya umiliki wa majengo kwa sehemu, iliyoanza kutumika Desemba 28, 2020 na kuchukua nafasi ya ile ya 1987, inaligawa jengo mara mbili. Kuna nyumba yako, inayoonyeshwa kwenye ramani iliyosajiliwa na yenye hatimiliki yake. Kila kisichokuwa ndani ya nyumba ya mtu ni mali ya pamoja: ngazi, lango, bustani na, mara nyingi, uwanja wa magari. Mali hiyo ni ya wamiliki wote, kila mmoja na fungu lake. Fungu hilo haliuzwi peke yake. Huandamana na nyumba.

Kwa hivyo mahali pa kuegesha huwa pa namna tatu. Pengine ramani na hati zimepaonyesha kuwa sehemu ya mali yako. Pengine ni mali ya pamoja, ila umepewa kwa maandishi haki ya kupatumia peke yako. Ama ni pa wote, na anayewahi ndiye anayepata. Ukiwa na hiyo haki ya pili, unapatumia tu, hupamiliki. Huwezi kupazungushia ukuta wala kumuuzia mtu wa nje.

Kwa zile nyumba zilizouzwa zamani kwa mikataba mirefu ya kukodisha, jibu limo katika mkataba. Mwambie wakili wako akutafutie mstari unaotaja gari. Asipouona, jua ahadi ya ajenti ni maneno matupu.

Nawe mpangaji, mwenye nyumba hawezi kukupa asichokuwa nacho. Muulize ana nafasi ngapi na ni zipi, kisha ziandikwe katika makubaliano yenu kabla hujatoa kodi ya mwezi wa kwanza.

Ugomvi ukizuka, usitoe upepo kwenye magurudumu ya jirani wala kumlaumu bawabu, ambaye hakuichora mistari hiyo. Sheria inaweka shirika la wamiliki, na ndani yake kamati ya kusuluhisha mizozo. Wengi hulipa ada kila mwezi lakini mikutano hawaendi, halafu hushangaa wanapokuta uamuzi umekwisha kupitishwa.

Hasara ya kutohudhuria huwapata hata wasio na gari. Mali ya pamoja ni yao pia. Kila nyumba inaponunua gari la pili, kipande cha uwanja wa kuchezea watoto hugeuzwa maegesho polepole, na watoto hawana kura mkutanoni. Atakayewasemea ni mzazi wao, akienda.

Basi kabla ya kutia sahihi, shuka chini ukiwa na ramani mkononi. Linganisha nambari ya sakafuni na ile ya kwenye karatasi. Zikihitilafiana, amini karatasi.