Kaunti Iliyoishia Makupa

Mtaala wa umilisi ulipoagiza kwamba mtoto wa gredi ya nne, kabla hajafunuliwa habari za Kenya nzima na za nchi za mbali, aijue kwanza kaunti yake, mipaka na ukubwa wake, mito na vilima vyake, misimu yake ya mvua na ya jua, na mahali pake pa kale palipohifadhiwa, uliagiza jambo la busara ambalo hapana mwalimu mwenye insafu angelipinga. Kwani elimu ya mahali huanza kwa kile ambacho jicho hukiona na mguu hukikanyaga, na hata chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, mtoto alitolewa nyumbani akapelekwa mtaani, kisha wilayani, kisha nchini, kwa utaratibu huohuo. Gredi hiyo ilianza kusomeshwa mwaka 2020, na tangu hapo sisi wazazi wa Magongo, Chaani, Mikindani na Miritini, huku bara ya Mombasa, tumekuwa tukiletewa maswali ya kaunti jioni baada ya jioni, nayo ni maswali mazuri, illa hayana mahali pa kutafutiwa majibu.

Sababu yake si ya kufichika. Kitabu kinachoidhinishwa Nairobi hutungwa kwa ajili ya watoto wa kaunti zote 47, wa Turkana na wa Lamu, wa Kisii na wa Mombasa, na mtungaji wake, hata awe hodari wa kalamu namna gani, hawezi kuingiza humo habari za kila mto na kila kilima. Basi hutoa mfano wa kaunti moja mbili, kisha humwambia mwanafunzi atafute habari za kwao, aulize wazee, achore ramani, abandike picha. Agizo hilo humfikia mwalimu mwenye darasa lililojaa hadi mlangoni, ambaye pengine mwenyewe amehamishwa juzi kutoka Busia au Machakos na hajapata kuzisikia habari za pwani hii. Mwalimu humfikishia mzazi. Naye mzazi, maadamu hana kitabu wala ramani nyumbani, humpa mtoto shilingi kadhaa akamtuma saiba.

Nilikuwa katika saiba mojawapo ya hapa Magongo, nikingoja karatasi zangu, alipoingia mvulana mwenye sare, manila imekunjwa kwapani. “Kaka, nitolee picha za kaunti yetu,” alisema. Kijana wa saiba hakumuuliza ataka picha za nini wala za upande gani. Alibofya mara mbili tatu, mashine ikatema Fort Jesus, Pembe za Moi Avenue na feri ya Likoni, mtoto akalipa, akaenda zake ameridhika. Kaunti yake ilikuwa imekwisha kupatikana, na yote ilikuwa ng'ambo ya pili ya maji, wala hapakuwa na hata kipande cha ardhi ambayo yeye mwenyewe hulala na kuamka juu yake.

Siionei Fort Jesus kijicho. Ngome iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593, ikazingirwa na Waomani tangu 1696 hata ikaanguka 1698, na ambayo mwaka 2011 iliandikwa na UNESCO katika urathi wa dunia, ina haki ya kujulikana na kila mtoto wa Mombasa, naye asiyewahi kuingia lango lake amekosa jambo. Nisemalo ni kwamba kaunti hii ina maeneo sita, Mvita, Likoni, Kisauni, Nyali, Jomvu na Changamwe, na katika watu 1,208,333 waliohesabiwa mwaka 2019, walioko Mvita, yaani kisiwani, walikuwa 154,171, takriban mmoja katika kila wanane. Saba waliosalia ni watu wa ng'ambo, na watoto wao husoma habari za kaunti kana kwamba wao ni wageni walioalikwa kuitazama. Aghalabu hudhaniwa kwamba sababu ni uchache wa habari, kwamba huku kwetu hakuna ila malori, matangi ya mafuta na nyumba za kupanga. Dhana hiyo ni ya mtu asiyetazama chini.

Nasema chini kwa maana yake halisi. Kisiwa cha Mombasa, na ufuo wa Nyali na Likoni, vimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na Fort Jesus yenyewe imejengwa juu ya mwamba huo na kwa mawe ya namna hiyo. Lakini ukivuka Makupa kutoka kisiwani na kupanda kuja Changamwe, unaacha matumbawe nyuma yako na kukanyaga mwamba mwingine kabisa, mwamba laini wa matope ya bahari ya kale yaliyogandamana tabaka juu ya tabaka, unaomeguka ukiushika, na udongo utokao kwake ndio huu wa mfinyanzi unaong'ang'ania viatu vya watoto wakati wa masika. Wataalamu wa miamba wameuita kwa jina la mtaa wetu, mwamba wa Changamwe, na jirani yake wakauita mwamba wa Miritini. Umri wake ni wa zama za Jurasiki, zaidi ya miaka milioni 140, na katika matabaka haya ya pwani wameokota magamba ya amonaiti, viumbe wa bahari waliokuwa jamaa wa pweza na ngisi, waliovaa gamba la kujizungusha. Habari hizo si siri: mwaka 1953 Idara ya Jiolojia ya Kenya ilichapisha ripoti ya P. V. Caswell juu ya nchi ya Mombasa na Kwale, na wasomi wa mbali wakaisoma. Mtoto wa Magongo, ambaye ua wa shule yake umekatwa ndani ya mwamba huohuo, ndiye ambaye hakuna aliyemwambia. Somo la miamba lililo tayari, lisilohitaji nauli, hupita chini ya nyayo zake, naye hutumwa saiba.

Kadhalika hori ya Port Reitz. Mto Mwache hushuka kutoka upande wa Kwale ukamwagika humo, mikoko imesimama kingoni, na hori yenyewe ni bonde lililochimbwa na mito zama bahari ilipokuwa chini kuliko ilivyo leo, kisha maji yakapanda yakalijaza. Na hiyo ndiyo siri ya bandari ya Kilindini kuwa na kina cha kupokea meli kubwa. Jina la Port Reitz lina kisa chake pia. Mwaka 1824 liwali wa Mombasa, Sulaiman bin Ali Mazrui, akimwogopa Sayyid Said wa Oman, aliomba himaya ya Waingereza, na Kapteni Owen akaipandisha bendera yake bila kungoja idhini ya serikali yake London. Akamwacha hapa luteni kijana, John James Reitz, awe mwangalizi, naye akafariki kwa homa mwaka huohuo, na himaya yenyewe ikavunjwa mwaka 1826. Mamia ya watoto huandika jina la kijana huyo kwenye jalada la madaftari yao, katika anwani ya shule, wasijue kama ni mtu, au meli, au kampuni.

Na kabla ya huyo Reitz walikuwapo wenyeji. Waswahili wa Mombasa ni Miji Kumi na Miwili, iliyogawika Tisa Taifa na Thelatha Taifa, na hao Thelatha Taifa ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe; upande wa Tisa Taifa wamo Wajomvu, ambao Jomvu Kuu ingali mji wao. Basi majina mawili ya maeneo ya uchaguzi ambayo mtoto huyasikia kila msimu wa kura, Changamwe na Jomvu, ni majina ya watu wenye nasaba na taarikhi, waliokuwa na maagano na jirani zao wa Mijikenda karne nyingi kabla ya reli. Reli nayo ilianza kutandikwa kutoka Kilindini mwaka 1896 na kufika ziwani mwaka 1901, ikileta huku bara ya Mombasa watu wa kila kabila, na ndiyo asili ya mchanganyiko huu wa Magongo tunaouona leo. Januari 1947 wafanyakazi wa bandari na wa reli waligoma, wakausimamisha mji wote kwa siku kumi na zaidi. Mwaka 1963 kiwanda cha kusafishia mafuta kikafunguliwa Changamwe. Mwaka 1978 bomba la mafuta likaanza kupeleka mali Nairobi. Mwaka 2013 kiwanda kikaacha kusafisha, na mpaka sasa matangi yake ni kumbukumbu na ghala kwa pamoja. Hizo zote ni habari za kupita tu. Kila moja yaweza kufunguliwa darasani kwa wiki nzima.

Niruhusiwe kukaa kidogo zaidi kwa wachongaji wa vinyago wa hapa Magongo, maana watalii huwajua kuliko wanafunzi. Kando ya barabara iendayo uwanja wa ndege, katika mabanda ya ushirika wa wachongaji wa Kikamba, watu wamekaa chini, tezo mkononi, gogo limebanwa kwa nyayo, na twiga huchomoza kidogo kidogo. Sanaa hii haikuzaliwa Ukambani tangu azali: aliyeanza ni Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza uchongaji Tanganyika zama za Vita Vikuu vya Kwanza, akarudi nao kwao, kisha ukashuka pwani kufuata wasafiri wa meli. Katika banda hilo moja mna historia ya vita, ya uhamiaji na ya biashara. Na kwa mwalimu wa jiografia mna jambo jingine tena, kwani miti ya asili iliyopendwa na wachongaji, mpingo na muhuhu, ilikatwa hata ikaadimika, wakalazimika kugeukia mwarubaini, ambao hukua upesi na hujaa pwani. Mtoto anayeuliza, “Babu, mbona vinyago vya zamani ni vyeusi na hivi ni vyeupe?” amekwisha kuuliza habari ya misitu yote ya Kenya, na mzee atamjibu bila kuacha tezo yake.

Atamjibu kwa Kiswahili, na hapo ndipo penye kizuizi ambacho wenye mamlaka hawapendi kukizungumza. Somo la Jamii kuanzia gredi ya nne husomeshwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Ripoti ya Caswell ni ya Kiingereza. Taarikhi nyingi za Mombasa ziko katika vitabu vya Kiingereza vya bei ya juu. Ilhali wanaojua habari, wazee wa Jomvu Kuu, wavuvi wa horini na wachongaji wa Magongo, husimulia kwa Kiswahili. Mtoto husimama kati kama mpagazi anayebeba maneno asiyoyafahamu kutoka upande mmoja hadi wa pili. Haikuwa hivi daima. Mwaka 1934 James Mbotela, mwana wa mtumwa aliyekombolewa, alichapisha Uhuru wa Watumwa, kijitabu cha Kiswahili chepesi juu ya watu waliookolewa majahazini na kukalishwa Frere Town, huko Nyali, mahali ambapo kengele yao imewaachia watu jina la Kengeleni. Na watoto wa vizazi kadhaa wa Afrika Mashariki walikisoma kijitabu hicho shuleni. Waweza kumlaumu mtungaji kwa upole wake mwingi kwa wamisheni, na mimi humlaumu, lakini alifanya kazi ambayo hakuna aliyeifanya kwa Changamwe: aliandika habari za mtaa mmoja kwa kimo cha mtoto. Jirani zetu Watanzania husomesha historia ya nchi yao kwa Kiswahili katika shule za msingi, wala sijasikia kwamba watoto wao wamepungukiwa na akili kwa sababu hiyo.

Kaunti ikiulizwa hujibu kwamba shule za msingi si zake. Ni kweli: kwa Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, kaunti imepewa elimu ya chekechea, na shule za msingi zimebaki kwa serikali kuu. Illa Jedwali hilohilo limeipa kaunti maktaba na makumbusho, na hapana sheria inayozuia maktaba kuchapisha kijitabu na kukigawa bure kwa yeyote atakayekitaka, akiwamo mwalimu wa gredi ya nne. Wengine, wenye hadhari zaidi, hunong'ona kwamba kuandika taarikhi ya Mombasa ni kuwasha moto, kwa kuwa kila sahifa itagusa habari ya ardhi na ya nani alitangulia, nani mwenyeji na nani mtu wa bara. Hofu hiyo naifahamu, lakini siikubali; ugomvi huo watoto huusikia kila siku kwenye matatu na mabarazani, kwa maneno makali na bila ushahidi, na afadhali waukute kitabuni, pande zote mbili zimeandikwa, pamoja na majina na miaka.

Ninalotaka si kubwa. Nataka kijitabu cha kurasa hamsini au sitini, kwa Kiswahili sanifu kisichowakimbia watoto, juu ya Changamwe na Jomvu peke yake, kikifuatwa na vingine vya Likoni, Kisauni na Nyali. Waketi pamoja walimu wachache wa shule zetu, mtu wa Makumbusho ya Fort Jesus, mzee wa Wachangamwe, mzee wa Wajomvu, mchongaji mmoja na mstaafu wa reli, na rasimu isomwe madarasani Magongo kabla haijafika kwa mpiga chapa, maana watoto wataona upesi kuliko kamati palipo na maneno mazito. Ndani yake kuwe na ramani moja kubwa, si ya kaunti nzima iliyofinywa hadi Magongo ikawa nukta, bali ya bara ya magharibi tu, kutoka Makupa hadi Miritini, iliyotolewa katika ramani za Idara ya Upimaji za 1:50,000, kila shule imetiwa alama na jina lake, horini pameandikwa mikoko na mto Mwache, na mwamba wa Changamwe umetengwa na matumbawe. Na ikiwa fedha ya rangi haipatikani, ramani hiyo na ichapwe kwa wino mweusi mtupu, watoto wataipaka rangi wenyewe.