Msaidizi wa macho afundishwe kutazama nyuma ya jicho

Presha ya macho haibishi hodi. Mara nyingi mgonjwa hasikii maumivu, na kwa miaka anaendelea kusoma gazeti lake huku uoni wa pembeni ukififia kidogo kidogo. Akija kushtuka, uoni uliopotea haurudi. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji na mtu akaona tena. Presha ya macho hudhibitiwa tu, na kuwahi ndiyo dawa.

Nani atawahi? Madaktari bingwa wa macho Afrika Mashariki ni wachache, na wengi wako miji mikubwa. Mwananchi wa Ngara au Busia hukutana kwanza na msaidizi wa huduma za macho. Kama msaidizi huyo amefundishwa ubao wa herufi peke yake, mgonjwa anaweza kuusoma hadi mstari wa chini, akaambiwa yuko salama, akarudi nyumbani kupofuka.

Hapo ndipo mafunzo ya uchunguzi wa kina yanapohitajika: kupima presha ya jicho, kutumia mashine ya kukuza yenye mwanga mwembamba, na kukagua neva na retina. Kipimo kimoja hakitoshi. Wapo ambao presha yao iko katika kiwango cha kawaida, 10 hadi 21, na bado neva inaharibika. Ukaguzi huo huo wa nyuma ya jicho hufichua madhara ya kisukari kabla mgonjwa hajaona dalili.

Wapo wanaohofia kwamba msaidizi atajigeuza daktari. Hofu hiyo ina msingi, lakini jibu lake si kumnyima ujuzi. Mipaka iandikwe wazi: yeye apime, arekodi na atoe rufaa mapema, uamuzi wa tiba ubaki kwa daktari. Rwanda iliwafundisha wauguzi wa vituo vya afya nchi nzima huduma za msingi za macho, na daktari hakupoteza kazi yake.

Afrika Mashariki haianzi sifuri. Moshi kuna KCMC, Jinja kuna chuo cha maofisa tabibu wa macho, na tangu 2012 madaktari bingwa wa ukanda huu wana chuo chao cha pamoja, COECSA. Soko la Pamoja lilianza Julai 1, 2010, na wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi wamekwisha kutiliana saini makubaliano ya kutambuana. Mawaziri wa afya wa jumuiya wampe msaidizi wa macho heshima hiyo hiyo: mtaala mmoja, mtihani mmoja, cheti kinachosomeka Bujumbura kama kinavyosomeka Kisumu.

Lakini cheti bila vifaa ni karatasi. Msaidizi akifuzu leo na kurudi kwenye kituo kisicho na kifaa hata kimoja cha kupimia presha ya jicho, baada ya mwaka mkono utakuwa umesahau. Kila nafasi ya mafunzo inayotengewa fedha iambatane na vifaa vya kituo anakorudi mhitimu, pamoja na fungu la kuvitengeneza.

Wagonjwa wetu huvuka mipaka kila siku kufuata matibabu. Ujuzi nao uvuke, uwakute kwao wangali wanaona.