Ekipe ya muji, ao ekipe ya mwenye kuinunua?

Mu musimu wa 2011-2012 mutoto wa Lubumbashi, Bismack Biyombo, alianza kazi mu NBA, ligi kubwa ya baskete ya Marekani. Alikuwa na miaka 19. Ekipe yake, Charlotte Bobcats, ilicheza mechi 66, ikashinda 7 tu. Zile 23 za mwisho ilishindwa zote, moja kisha ingine. Mu historia yote ya NBA hakuna ekipe yenye ilimaliza musimu na hesabu mubaya kupita ile.

Mutu anaweza kucheka. Lakini mbele ya kucheka, aulize ile ekipe ilitoka wapi. Ni historia yenye sisi watu wa mine tunaweza kuelewa mbio kuliko wengine.

Kule Marekani ekipe ya baskete ya kulipwa haizaliwi sawa huku kwetu, fasi vijana wa kartie wanakusanyika, wanachagua jina, wanatafuta mayo. Wala haipandi kutoka divizio ya chini. Ligi iko na fasi zenye kuhesabiwa, na mulango umefungwa. Siku inataka kuongeza fasi, inaiuza. Tajiri analipa, anapewa ruhusa ya kufungua ekipe mu muji fulani, na anaanza bila muchezaji hata mumoja. Ili apate watu, kila ekipe ya zamani inalinda wachezaji 8 wenye haitaki kupoteza, na mu wale wanaobakia njo ekipe mupya inachagua. Ni sawa kupewa fasi ya kuchimba yenye wengine wamekwisha kutosha minerai ya muzuri: unaokota mu mabaki, na unalipa.

Muji wa Charlotte, kule Carolina ya Kaskazini, ulipata ekipe yake ya kwanza mu mwaka wa 1988. Mwenye mali alikuwa George Shinn, alilipa dola milioni 32 na nusu. Jina ya ekipe ilikuwa Hornets. Mechi ya kwanza kabisa, nyumbani, walipigwa na Cleveland kwa tofauti ya pointi 40. Ule musimu walishinda mechi 20 na kushindwa 62. Hata hivi watu walikuja. Stadi ilikuwa na fasi karibu 24,000, na kuna wakati ilijaa mechi 364 zenye kufuatana. Mu mabaki ya 1988 mulitoka Muggsy Bogues, mufupi kuliko wachezaji wote wa NBA, metre 1 na sentimetre 60, na Dell Curry, baba ya ule Stephen Curry mwenye vijana wanamujua leo. Wengine hawakuwataka. Charlotte iliwapenda miaka karibu kumi.

Kisha maneno ya stadi ikaingia. Shinn alisema ile ya zamani haileti franka ya kutosha, akataka muji umujengee ingine. Mu 2001 wakaaji waliulizwa kwa kura. Wengi walisema hapana. Mwaka wenye kufuata, 2002, ekipe ilifunga mizigo, ikaenda New Orleans na jina yake na rangi zake. Watoto wa Charlotte walibaki na mayo ya ekipe ya muji mwingine.

Hapa hatuna lazima ya kueleza mingi. Mu 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kazini mu ule mupango wa « départs volontaires ». Mu nyumba nyingi za Likasi, Kolwezi na Lubumbashi watu wanajua maana ya kuamka na kukuta kitu chenye uliita « yetu » kiko na mwenye mali mwingine, na hakuna mutu alikuuliza. Hatusemi baskete na mukate ni jambo moja. Mwenye kukosa ekipe analala na chakula. Lakini namna ya kuamua, ile, inafanana.

Fasi ya pili ya Charlotte ilikuwa bei kali. Mwisho wa 2002 ligi ilimupa Robert Johnson, Mumarekani mweusi wa kwanza kuwa mwenye mali mukubwa wa ekipe mu ligi kubwa za kule. Alilipa dola milioni 300. Na stadi yenye wakaaji walikataa kwa kura? Muji uliijenga, karibu milioni 265, ikafunguliwa mu 2005. Ile ya zamani waliibomoa kwa baruti mu 2007. Muji ulilipa kwa kurudishiwa kitu chenye ulikuwa nacho, ao kitu cha kufanana nacho.

Ekipe mupya, Bobcats, ilianza mu 2004 na wachezaji 19 wa mabaki. Ilishinda 18, ikashindwa 64. Mumoja wao, Gerald Wallace, mwenye kule Sacramento alikuwa anakaa sana ku benchi, alifika mu mechi ya manyota mu 2010. Mwaka ule ule Michael Jordan alinunua ekipe, kwa bei ya karibu milioni 275, chini ya ile Johnson alilipa. Kisha ikaja ule musimu wa mechi 7. Mu 2014, kwa sababu New Orleans ilikuwa imeachilia jina ya Hornets, Charlotte ililirudisha. Mu 2023 Jordan aliuza sehemu yake kubwa, na ekipe nzima ilihesabiwa dola miliari 3. Hatujasikia kama wale wa kujaza stadi mara 364 walipata kitu.

Biyombo, yeye, aliendelea. Mu 2016, na Toronto, alikamata rebundi 26 mu mechi moja mbele ya Cleveland. Mushahara wake wa musimu wa 2021-2022, zaidi ya dola milioni moja, aliutoa kwa kujenga hospitali huku Kongo, mu jina ya baba yake aliyekufa. Mwenye alitoka mu ekipe ya mechi 7!

Tunaandika haya kwa sababu mu miji yetu club nyingi, za mupira na za baskete, zinavaa mayo zenye kampani ya mine imelipa. Ni muzuri, tunashukuru. Lakini kampani inauzwa, kontra inaisha, direkta anabadilishwa. Tunaomba maprezida wa club mambo mawili. Musaada uandikwe, na miaka yake. Na tereni, pamoja na jina ya club, zibakie za kartie. Asambele ya club ikiitishwa, ninyi mababa na mamama wenye kulipa kotizasio, mbele ya kuzungumuza mechi zenye kuja, muombe muone karatasi ya tereni: iko mu jina ya nani?