Mwachieni Mchoraji Kisanduku cha Nne

Kwa miaka kadhaa sasa, kila ninapoalikwa kwenye warsha ya jumuiya zetu huku Uingereza, hukuta kando ya bango kitita rundo la karatasi nyeupe na kalamu za rangi. Mwezeshaji hutuambia kwa bashasha kwamba baada ya chai tutachora vibonzo ili kuamsha ubunifu. Tunachora dakika kumi, tunacheka, picha zinabandikwa ukutani, kisha tunarudi kwenye ajenda iliyochapishwa kabla hatujafika. Huko si kuamsha ubunifu. Ni kuupa ubunifu peremende ili utulie, wakubwa wazungumze.

Sina ugomvi na kibonzo chenyewe. Kinafanya kazi, na sababu zake zinaeleweka. Ivan Brunetti, mchora katuni na mwalimu wa Marekani, huwapa wanafunzi wake zoezi la kuchora kitu kilekile mara kadhaa kwa muda unaopungua, kutoka dakika chache hadi sekunde tano. Nimelitumia zoezi hilo na watu wa kila namna. Zikifika sekunde tano hakuna tena mwenye shahada: profesa na dereva wa teksi wote huchora gari linalofanana na kiatu. Aibu ya kutojua kuchora ikishagawanywa sawasawa, hofu ya kukosea hupungua, na mtu aliyekuwa akisubiri wenye Kiingereza kizuri wamalize kusema huanza kufikiri kwa mkono wake.

Baada ya hapo karatasi hukunjwa ikapata visanduku vinne: mhusika, tatizo, tatizo kukolea, na hatima. Mpangilio huu ndio uliotumika katika warsha za katuni za wananchi zilizoendeshwa katika nchi nyingi, Tanzania ikiwemo, na Leif Packalén wa Ufini na wenzake. Mwaka 1999 Packalén alitoa kitabu juu ya katuni katika kazi za maendeleo, pamoja na Frank Odoi, mchoraji wa Kighana aliyeishi Nairobi. Wazo la msingi lilikuwa jema: achore mwenye tatizo, si msanii wa kukodiwa. Kilichopotea njiani ni kisanduku cha nne. Siku hizi hatima huja na mfadhili: mtoto amechanjwa, familia inatabasamu, nambari ya simu iko chini. Mshiriki huachiwa kazi ya kutia rangi.

Scott McCloud, katika kitabu chake cha 1993 kuhusu ufundi wa katuni, alionyesha kwamba msomaji ndiye anayeunganisha visanduku kwa kulijaza pengo lililo kati yake. Nami naona fikra ya mchoraji imo katika pengo hilohilo, hasa lile la kati ya kisanduku cha tatu na cha nne. Ukimtajia mapema kilichoko ng'ambo, umelifukia.

Kuna jambo moja nililoongeza ambalo sikulipata kwa Mmarekani wala kwa Mfini. Masoud Kipanya, ambaye vibonzo vyake Watanzania wengi wanavijua, humweka panya mdogo katika picha, akitia neno lake juu ya mambo ya wakubwa. Nawaomba washiriki nao waweke shahidi wa namna hiyo pembeni, awe mjusi, paka au hata birika, mwenye ruhusa ya kusema lile ambalo hakuna mwingine kwenye picha atakayelisema.

Katika warsha moja kuhusu huduma za afya kwa wahamiaji, mama mmoja wa Kikongo alichora hivi. Kisanduku cha kwanza: yeye na binti yake wa miaka tisa mbele ya daktari. Cha pili: daktari anazungumza, na kiputo cha maneno yake kimejaa mawimbi ya wino hadi ukingoni. Cha tatu: binti anamgeukia mama na kusema, "Amesema uko sawa." Cha nne: binti peke yake njiani, kile kiputo kizima cha daktari amejitwika kichwani kama mzigo wa kuni. Pembeni paka anauliza, "Nani atamtua?"

Chumba kilinyamaza. Kisha mzee mmoja wa Kizanzibari, ambaye tangu asubuhi alikuwa amegoma kuchora ("Mwanangu, mimi penseli ya rangi nimeiacha skuli"), akasema kwamba habari ya saratani ya mkewe aliambiwa na mjukuu wake. Mtoto wa miaka kumi na mmoja. Katika mikutano yetu yote ya nyuma hatukuwahi kulitamka jambo hilo.

Mratibu aliipenda picha, ila akaomba hatima ibadilishwe. Labda mama na binti watoke wakitabasamu, kwa kuwa shabaha ya siku ilikuwa kuwatia watu moyo waende hospitali. Mama akanitazama mimi, mkalimani wa siku hiyo. "Mwambie, kama anataka tabasamu, alichore mwenyewe." Nikatafsiri kwamba mama anaomba muda wa kufikiri. Yaani nami, na shahada yangu ya uzamivu, nilifanya kilekile alichofanya yule binti. Picha haikubandikwa.

Lawama si za waratibu peke yao. Sisi wanazuoni wa Kiswahili tumewarahisishia kazi. Chakubanga wa Christian Gregory alisomwa katika gazeti la Uhuru tangu miaka ya 1960. Jarida la Sani liliwapa wasomaji akina Kipepe, Madenge na Lodi Lofa. Wapo wachache walioviandikia vibonzo kwa makini, lakini kwenye makongamano yetu mada hiyo bado husukumwa hadi kikao cha mwisho cha alasiri, baada ya riwaya na ushairi, wasikilizaji wakishaanza kutafuta mabegi yao. Ikiwa sisi twakiona kibonzo ni burudani, tutamshangaaje mwezeshaji anayekitumia kama peremende?

Na hali nadharia tunayo nyumbani. Mtani msibani humkejeli marehemu, hata huingia kaburini akidai alipwe ndipo atoke, wala hakuna anayemtaka kwanza awasilishe utani wake ukaguliwe. Wafiwa hucheka, na ndani ya kicheko hicho husikia yale ambayo jamaa wa damu wasingethubutu kuyatamka. Nguvu ya utani iko katika kibali hicho. Mchoraji wa warshani naye anakihitaji, pamoja na kibali cha kumcheka aliyeiitisha warsha na anayeilipia.

Nitaambiwa mfadhili anahitaji matokeo. Sawa. Lakini aliyekwisha kulijua jibu na achapishe kipeperushi. Ni nafuu zaidi, na hakitatupotezea Jumamosi.

Mwezi ujao nimealikwa tena, na barua ya mwaliko inataja "uchoraji wa vibonzo wa kuchangamsha washiriki". Nimejibu kwamba nitakuja kwa sharti moja: ajenda iandikwe baada ya michoro. Bado sijajibiwa.