Usifomati laptopu kwa sababu /boot imejaa

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, wengi wetu laptopu zetu ni za mtumba, na tumeweka Ubuntu kwa sababu ni bure. Siku ikiandika kwamba /boot imejaa, utaona mtu anaanza kufuta picha za bidhaa, mwingine anakimbilia kwa fundi afomati kila kitu. Kwangu mimi yote mawili ni hasara ya bure.

Picha hazihusiki. /boot ikiwa imetengwa, ni kama stoo ndogo yenye mlango wake: hata ukifuta picha elfu moja, nafasi yake haiongezeki. Kinachoijaza ni kerneli za zamani. Kerneli ndiyo moyo wa Linux. Sasisho likileta mpya, ya zamani inaweza kubaki palepale, na moja pamoja na mafaili yake inaweza kuzidi MB 100.

Kwanza nakili daftari lako la mauzo kwenye flashi. Halafu fungua Terminali, andika moja moja:

df -h /boot
Uone imejaa kiasi gani.

uname -r
Uone kerneli unayotumia sasa. Hiyo haiguswi!

sudo apt autoremove --purge
Inaondoa zisizohitajika tena. Soma orodha kwanza ndipo ukubali.

Wapo wanaoshauri uingie /boot ufute mafaili kwa mkono. Hapo sikubaliani nao. Ukifuta hivyo, mfumo unaendelea kuhesabu kwamba kerneli ipo, na ukigusa isiyo yake, kesho laptopu haiwaki na oda zinakusubiri. Pia usibaki na kerneli moja tu. Iache na ile iliyotangulia, kama tairi la spea. Mpya ikigoma, unachagua ya nyuma kwenye menyu ya kuwashia.

Wengine wanasema bora kuzima masasisho kabisa ili yasijaze. Jamani, hapana. Humo ndani kuna namba za wateja, anwani zao na madeni yao. Masasisho ndiyo yanaziba matundu ya wezi, na /boot ikijaa yanakwama njiani. Mteja aliyekupa namba yake amekuamini, sasa kwa nini umuweke hatarini kwa kazi ya dakika tano?

Angalia yako leo, halafu andika hapo chini imefika asilimia ngapi.